Wino wa Mama na Kitambaa cha Miwani

2 Februari

Kwa mke wa mwanangu,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na huyo unayetembea naye tumboni. Mimi sijambo, ila masikio yameamua kustaafu pamoja nami. Simu nimeiacha. Mtu akiwa mbele yangu akapaza sauti bado naambulia, ila humo nasikia mvumo tu, kama birika linaloanza kuchemka, kwa hiyo aliye mbali mwenye neno na mimi aniandikie.

Tangu nitoke kazini sijui pa kuweka mikono. Maisha yangu yote nimepiga mihuri: IMEPOKELEWA, IMEPITA, HAIJAPITA. Siku ya kuniaga walininunulia saa ya ukutani. Nikawaambia saa ninayo, nipeni ile pedi yangu ya wino. Wakacheka, wakanipa pedi pamoja na chupa nzima ya wino wa zambarau. Saa pia walinipa.

Sasa natengeneza kadi. Usicheke. Mihuri nachonga mwenyewe kwa wembe kwenye raba za kufutia: ndege, jani, kikombe, nyumba yenye dirisha. Duka la kutoa kopi huniuzia zile karatasi ngumu za plastiki angavu wanazoweka juu ya ripoti. Napiga mhuri juu ya plastiki, naikata, naibandika juu ya kadi nyeupe kwa nukta za gundi kwenye pembe, na picha inakaa kama inaelea. Ukiipeleka kwenye jua, kivuli cha ndege kinaanguka chini yake. Ya kwanza niliitazama mpaka chai ikapoa.

Hii iliyomo humu ni yako. Nimeifunika kwa karatasi laini ya shashi na kuikandamiza vizuri, picha isije ikakwaruzwa njiani. Nimepiga na maneno pia, herufi moja moja. Ni maombi mawili. Sitayarudia hapa, maana kalamu yangu ikikaribia jambo kama hilo inaanza kuzungumzia hali ya hewa. Mhuri hauna haya.

Nijibu wewe mwenyewe, si mume wako, na wala usimwambie. Mwenye nyumba ni wewe. Ukikataa sitanuna. Nitagonga sufuria kidogo jikoni, basi.

Mama wa mumeo


9 Februari

Wifi yangu Chiriku,

Acha kusuka, kaa chini, mteja asubiri. Mama ameniandikia. Mama mwenyewe! Tangu harusi yetu sijapata kwake neno ila "msalimie mkeo" kupitia kwa kaka yako, na leo barua nzima, yenye utani ndani.

Anasema ameniwekea kadi yenye picha na maombi mawili. Nikafungua haraka. Kadi nyeupe, juu yake plastiki angavu, juu ya plastiki karatasi ya shashi. Plastiki ilikuwa imechafuka, ukungu wa zambarau umetapakaa kote, nadhani ni ile mifuko ya posta. Na wewe unanijua. Siku nzima dukani nafuta lenzi za watu, mkono wangu hauvumilii kitu cha kuonea kikiwa na ukungu. Nikatoa kitambaa changu cha miwani nikaipangusa mpaka ikang'aa. Hapo ndipo nilipoona haina kitu. Si ndege, si neno. Nimeigeuza, nimeipeleka dirishani, nimeikagua kwa lenzi ya kukuzia ya kazini. Tupu.

Sasa niambie wewe uliyetoka tumboni mwake. Ni nini hii? Ananiambia kwamba mimi kwake ni kama kioo, macho yanapita tu?

Nitakwambia jambo ambalo hata kaka yako sijamwambia vizuri. Mtoto anakuja Mei. Mama yangu alifariki kabla sijajua hata kujisuka nywele, nimelelewa na baba, na baba akiona nepi atahama mji. Natamani Mama aje. Akae nami, anishike mkono, anionyeshe mtoto anaogeshwaje. Lakini kaka yako anasema, "Mama haachi nyumba yake kwa ajili ya mtu, usimwombe, utamtia kwenye kona." Basi nimenyamaza. Na sasa ananitumia plastiki tupu.

Nikimwambia kadi yake haina kitu, si nitakuwa nimemwita mzee aliyechanganyikiwa? Nimeshika kalamu tangu asubuhi na nimeandika "Shikamoo" tu.

Wifi yako wa duka la miwani


15 Februari

Wifi mpenzi,

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa saluni, unisamehe. Mteja wa kiti cha kwanza anasema ni uchawi, wa kiti cha pili anasema ni mtindo mpya. Mimi ninayemjua mwenye kadi nasema ni fumbo.

Sikiliza. Mama alikuwa akiona mhuri umechafuka hata ukingoni, karatasi hairuki meza yake. Sisi wanawe tulikuwa tukimchorea picha, naye anazipigia mhuri kama za ofisini. Siku moja nilimchora yeye mwenyewe amesimama mlangoni. Akavaa miwani, akasema mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, HAIJAPITA. Nikachora upya. Mtu wa namna hiyo atume kadi tupu kwa bahati mbaya? Kamwe! Plastiki angavu maana yake moyo wake kwako ni mweupe. Maombi mawili yatakuwa umtunze kaka yangu na umlishe ashibe. Hilo la pili ni gumu, lakini kubali tu.

Mwandikie hivi: nimeona, nimeelewa, nimekubali yote mawili. Mama anapenda jibu linaloenea kwenye mstari mmoja. Usimwulize swali lolote. Mtu akimwuliza jambo lililokwisha kuandikwa, alikuwa anamrudisha mwisho wa foleni.

Na huo woga uache. Siku ya harusi yenu alinivuta pembeni akaniuliza, "Huyu binti anayetengenezea watu macho, mimi si ataniona mshamba?" Kwa hiyo mnaogopana, na mimi katikati nachoma nywele za mtu kwa ajili yenu.

Chiriku


20 Februari

Shikamoo Mama,

Kadi imefika salama, hata pembe haikukunjika. Nimeiweka dirishani sebuleni. Nimeona, nimeelewa, na nimekubali yote mawili kwa moyo mmoja.

Ni kazi safi sana, Mama. Haina doa. Mtu akiitazama anaona mbali.

Mume wangu sijamwambia, kama ulivyotaka. Hatujambo sote. Mtoto ananipiga teke kila nikiinama kutafuta skrubu za fremu, nadhani atakuwa msimamizi. Lifti ya jengo letu imekufa tena, na mwanao, fundi lifti wetu, anapanda ngazi kila jioni akiilaani kama si yeye aliyeitengeneza wiki iliyopita.

Mkweo


27 Februari

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale posta, nikaisoma tena barabarani. Jirani yangu fundi viatu akaniona nacheka peke yangu, akauliza nimeshinda nini. Nikamwambia nimeshinda.

Yote mawili! Na kwa mstari mmoja! Lile la kwanza nilikuwa na tumaini nalo. Lile la pili nilijua utaomba muda wa kufikiri, na ningekupa. Na kwamba kadi haina doa! Pale ofisini nilingoja mpaka nikastaafu mtu aseme hivyo kuhusu mhuri wangu.

Sasa tuingie kazini. Meza yangu ya kadi itatangulia. Mwenye lori la magodoro huja mjini kwenu, amekubali kuibeba. Ni ile nzito ya mbao, yenye droo mbili. Nipimie upana wa mlango wenu, na uangalie kona za ngazi, maana hiyo lifti ya mwanangu sina imani nayo. Iwekwe kwenye chumba kidogo, karibu na dirisha, kazi hii inataka mwanga.

Mengine yote, pamoja na tarehe na jambo moja la kukupa nafasi ya kupumua, nimeyapiga kwenye kadi hii ya pili. Ina ndege watatu. Mwangalie wa tatu alivyokaa. Safari hii nimeweka shashi mbili na nimekandamiza kwa kitabu.

Mama


6 Machi

Wewe Chiriku,

Umeniponza! Kumbe nimekubali meza. Mama anasema meza yake itatangulia kwa lori, ile yenye droo mbili, na anataka vipimo vya mlango.

Kadi ya pili imefika ikiwa na uchafu ule ule wa zambarau, mwingi zaidi. Nimeisafisha, na ni tupu kama mwenzake. Anasema nimwangalie ndege wa tatu alivyokaa. Wifi, hakuna hata ndege wa kwanza.

Chumba kidogo anachokitaja ndicho cha mtoto. Kaka yako ameshafunga kitanda cha mtoto ukutani kwa skrubu za lifti, hata jengo likianguka kile kitabaki. Nimepima. Meza ikiingia, mtoto atalala kwenye droo. Na kwa nini agawe meza yake anayoipenda? Nimekubali kitu nisichokijua na sasa kinapandishwa kwenye lori. Nishauri, na safari hii acha utani.

Wifi yako


11 Machi

Wifi,

Pole. Ile meza naijua, ilinivunja kidole cha mguu nikiwa darasa la pili. Nahisi Mama anapunguza vitu nyumbani, wazee hufika wakati wakataka nafasi.

Mwambie ukweli kwa heshima na kwa kifupi: meza haina nafasi, ibaki huko. Mama akipewa sababu yenye vipimo hukubali bila neno. Nami nitakwenda kumwona wateja wakipungua, nijue huko kwenye kadi kuna nini.

Chiriku


14 Machi

Shikamoo Mama,

Asante kwa kadi ya pili, ni nzuri kama ya kwanza. Ndege wa tatu nimemwona alivyokaa.

Nimefikiri sana, na naona haya kukuandikia hili. Meza haina nafasi hapa kwetu. Mlango unatosha, lakini chumba kidogo kimejaa kitanda cha mtoto. Naomba ibaki huko kwako. Usinifikirie vibaya, Mama.

Mkweo


22 Machi

Kwa mke wa mwanangu,

Barua yako nimeipokea. Umesema kwa adabu, na kama nilivyoomba useme, nakushukuru kwa hilo. Mwenye lori nimemwambia asije. Mizigo nimeanza kuifungua.

Kadi nimeziweka pembeni kwa sasa, macho yanachoka. Ujifungue salama.

Mama wa mumeo


28 Machi

Wifi,

Barua ya Mama isome mwenyewe, nimeiweka humu. Anasema "kama nilivyoomba useme". Aliomba lini? Anasema "mizigo". Meza ni mzigo mmoja.

Kisha nikazipanga barua zake zote kwenye kaunta ya duka. Ya kwanza ameniita mke wa mwanangu. Ya pili, Mwanangu. Ya tatu, mke wa mwanangu tena. Chiriku, sikuliona! Nilikuwa nimehangaika na upana wa mlango, nikaliruka neno lililo juu kabisa ya ukurasa. Nimepewa kitu nikakirudisha, na sikujua hata kwamba nimekishika.

Nimelia mbele ya mteja, akadhani namwonea huruma kwa bei ya fremu. Nenda kwa Mama. Usingoje wateja wapungue.

Wifi yako


3 Aprili

Wifi,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yenyewe. Mama yuko uani anaanika.

Nimekuta sanduku kubwa kwenye ujia, limefunguliwa nusu. Ndani kuna nguo za mtoto alizoshona, kanga mpya, viatu vyake vya kutembelea, na mihuri yote imefungwa ndani ya soksi. Nikamuuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Akasema, "Siendi." Nikajua hapo hapo tumeharibu kitu kikubwa.

Nikambembeleza anipigie kadi moja, mimi mwanawe sina hata moja. Akakataa, kisha akakubali, maana mikono yake ilikuwa inawasha. Wifi, ungeona! Alipiga ndege amekaa kwenye ukingo wa kikombe, manyoya unayahesabu. Akachukua shashi, akaifunika, akaikandamiza kwa kiganja, "ilale vizuri." Akageuka kutafuta bahasha. Nami kwa umbea wangu nikainua shashi.

Ndege alikuwa ameondoka na shashi. Kwenye plastiki umebaki ukungu wa zambarau.

Ule wino ni wa ofisini, wifi. Kwenye karatasi unanywewa na kukauka. Plastiki hainywi kitu, kwa hiyo unakaa juu juu ukiwa mbichi, na kitu cha kwanza kitakachougusa kinaondoka nao. Na huo ukungu uliobaki, unaujua. Ndio uliousafisha kwa kitambaa chako mpaka ukang'aa. Shashi ya Mama ilifuta nusu, na wewe ukamalizia.

Sasa cheka au lia, ila nijibu: zile shashi ulizitupa?

Na kingine. Mimi na wewe ujinga wetu ukipimwa hauzidiani. Mama aliandika kwamba meza itatangulia. Itamtangulia nani?

Sijamwambia lolote. Hili ni lenu wawili. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi ailete dukani kwenu mkononi.

Chiriku


5 Aprili

Shikamoo Mama,

Naomba uisome hii ukiwa umekaa.

Kadi zako sikuwahi kuzisoma. Zilifika hazina picha wala neno, nikaogopa kukwambia. Niliposema nimekubali yote mawili, sikujua hata moja. Ndege wa tatu sikumwona. Nilikudanganya kwa sababu niliona afadhali uongo kuliko kukuudhi, na nimekuumiza zaidi.

Wino wako haukauki juu ya plastiki, Mama. Shashi uliyoweka kuilinda picha ndiyo iliyoichukua. Na kilichobaki nilikifuta mimi. Nilidhani ni uchafu wa posta, nikatoa kitambaa cha miwani. Mimi ninayewapa watu macho nilifuta maneno yako kwa mkono wangu, mara mbili, na nikajisifu kwamba plastiki imeng'aa.

Lakini shashi sikuzitupa. Nilizitandika kwenye droo ya nguo za mtoto, kwa kuwa ni laini, nikidhani zambarau iliyomo ni urembo wa karatasi tu. Jana nikazitoa. Zimeyashika maneno kinyumenyume, ila ni nyembamba, ukizibandika kwenye kioo cha dirisha na kuzitazama kwa nyuma yananyooka. Mume wangu alipanda kwenye stuli akazishika pembe, nami nikasoma kwa sauti.

NIJE NIKAE NANYI MTOTO AKIJA? NIKUITE MWANANGU?

Nikakaa kwenye kiti. Akanipa maji. Kisha tukabandika ile ya pili, na ndege watatu wamo, na wa tatu amekaa amewapa wenzake mgongo kama mtu aliyenuna. Chini yao tarehe. Chini ya tarehe, kwa herufi ndogo:

UKIBADILI NIA USIONE HAYA. SEMA TU MEZA HAINA NAFASI. NITAELEWA.

Mama! Nilikuwa nazungumzia meza! Mbao! Droo mbili! Nilikuwa nimepima kwa futi kamba!

Mwanao alishuka kwenye stuli, akakaa sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Kisha akainuka, akachukua bisibisi, akang'oa kitanda cha mtoto na kukihamishia chumbani kwetu. Kuta zimebaki na matundu kama zimepigwa risasi. Dirisha la chumba kidogo sasa halina kitu mbele yake.

Nakujibu kwa kadi. Raba nimechonga mwenyewe kwa kisu cha kazini, na nimesahau kugeuza herufi, zimetoka kinyume. Nilitaka kuitupa, halafu nikakumbuka plastiki ni angavu. Igeuze, utasoma. Wino ni ule tunaowekea alama kwenye lenzi. Nimeujaribu kwa kitambaa, kwa maji na kwa sabuni ya vyombo, umegoma. Nimekuwekea na chupa yako. Shashi sijaweka.

Na kama posta itafanya lake tena, nalisema hapa kwa kalamu. Njoo, Mama. Njoo na meza, njoo bila meza. Nilitaka kukuomba tangu mwanzo, nikaogopa. La pili pia nimekubali, na sasa najua nilichokubali. Nikiamka asubuhi nataka kuitwa hivyo.

Mwanao


12 Aprili

Mwanangu,

Nimeigeuza. Nimeisoma. NJOO. Herufi ya pili imelala ubavu, na hizo mbili za mwisho moja imeshiba kuliko mwenzake. Ningekuwa ofisini ningeirudisha. Nimeibandika kwenye kioo cha mlango wa mbele, anayepita nje anaisoma ilivyonyooka, nami ndani naisoma kinyume.

Ulivyonidanganya nimekasirika kwa muda wa kuchemsha chai. Kisha nikaenda kwa fundi viatu kumuuliza kuhusu kadi niliyompa mwaka mpya. Akatazama chini, akasema hakutaka kunivunja moyo. Mwenye duka la kopi naye vivyo hivyo. Mkuu wangu wa zamani ndiye aliyeniandikia kwamba amependa kadi yangu "kwa jinsi isivyojikweza". Mji mzima umenishukuru kwa plastiki! Angalau wewe mwishoni umesema.

Sufuria nilikuwa nimezigonga zote, ujue. Ile siku ya barua ya meza, moja imetoka mpini. Nilijiambia ni haki yako, na nilikuwa nalia nikijiambia.

Mwenye lori anaondoka Alhamisi. Mwambie mwanangu aitengeneze hiyo lifti.

Meza haitatangulia. Tunakuja pamoja, mimi nimekaa mbele.

Mama


2 Juni

Kwa shangazi mtu,

Ni msichana. Ana mapafu ya mama yako na haraka ya kuongea kama yako, kwa hiyo mimi na kaka yako tumekwisha.

Mama alinishika mkono tangu mwanzo mpaka mwisho. Muuguzi alimwambia asubiri nje, akamjibu kwamba yeye amesimamia foleni ndefu kuliko hiyo, na hakutoka. Kumwogesha mtoto amenionyesha, nami nimemtengenezea miwani mipya, ile ya zamani ilikuwa inamwonyesha nusu ya dunia. Meza iko dirishani. Lifti ilibeba kila kitu isipokuwa meza, meza ilipandishwa kwa ngazi na wanaume wanne na matusi.

Kadi hii uliyoshika tumeitengeneza pamoja. Ndege watatu juu ya plastiki ni wa Mama, kwa wino wa dukani kwetu, wasugue upendavyo. Wa tatu sasa amegeuka, anawatazama wenzake. Chini, kwenye karatasi nyeupe, ndiko tulikotumia wino wake wa zambarau wa ofisini, maana huko unakauka, na kwenye ngozi unatoka kwa maji. Huo ni mguu wa mtoto.

Utaona umechafuka. Tulipoukandamiza alipiga teke, kisigino kikateleza, na kidole gumba kimetoka mara mbili. Nikasema, "Mama, tupige mwingine, huu umeharibika." Nilikuwa nimeshachukua karatasi nyingine.

Mama akaniambia ningoje. Akavaa miwani yake, akaipeleka kadi kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua ule mguu kwa makini, kama alivyokuwa akizikagua picha zenu. Mimi na kaka yako tukasimama tukingoja.

"Umepita," akasema.

Wifi yako, ambaye humu ndani siku hizi anaitwa Mwanangu